Betri Niliyoiweka Uchagani

Mpendwa Shangazi Salama, naomba msaada kabla sijavunja urafiki wa watu wawili, maana mume wangu Omari alijiundia baiskeli ya umeme ya kubebea kabeji kutoka kwetu Soni hadi sokoni Lushoto, na rafiki yake Ibrahimu ndiye aliyemuungia betri kwa seli za kompyuta mpakato za zamani, ikapanda mlima vizuri hadi baridi ya Julai ilipoingia, ikawa kila asubuhi mota inakata njiani na mume wangu anasukuma, basi mimi kwa huruma, bila kumwambia, jioni akienda kuswali naipandisha betri uchagani juu ya moto wa jikoni, pale tunapokaushia mahindi ya mbegu, ipate joto, na sasa imevimba, haishiki chaji, Omari anasema Ibrahimu alimpa seli mbovu makusudi, wiki ya pili hawasalimiani na Ijumaa anampeleka mbele ya wazee, na betri iko chini ya kitanda cha watoto nami naogopa kusema.
Latifa, Soni

Latifa mwanangu, nilipofika hapo kwenye kitanda cha watoto niliacha chai nikakupigia simu, na sikukaa tena mpaka uliponiambia iko nje, kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba. Alhamdulillahi. Betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi wala hairudi ndani.

Huruma unayo, lakini kuuliza kulikushinda nini? Betri huchoka kwa baridi, ila moto huiua. Ingelala ndani tu na nguo juu yake, ingetosha. Na Omari apunguze kabeji, mlimani akanyage pedali, maana hata mota inachoka.

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Umemwambia Omari, naye la kwanza akauliza, "Watoto hawajambo?" Moyo wangu umetulia. Huyo mshike vizuri.

Ila usijifute jasho bado. Aliyeitwa tapeli wiki mbili ni Ibrahimu, naye hajasikia neno. Nendeni kwake leo, nyote wawili. Omari aombe radhi, nawe useme habari ya uchaga kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha kazi ya kuunga betri mpya mpeni yeye, si fundi mwingine.