Kiti cha Kambale

Butembo, tarehe 14 Aprili 2024

Kwako Yaya Gamaliel, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Kampala, wewe na wifi Godelive na watoto. Sisi huku tunaendelea. Goti la mama linamsumbua wakati wa mvua, lakini bado anapanda mlima kwenda shambani bila fimbo. Maharage yametoka vizuri. Mzee Maliro, ambaye vijana walikuwa wanapanga foleni kwenye nyumba yake ya mashini za kompyuta kucheza mchezo wetu, anakusalimu sana. Sasa salamu zimekwisha. Unisikilize, kwa maana nimekasirika, na nimeamua kukasirika kwa kuandika ili usinikatize.

Binamu yetu Phinées alirudi juma lililopita na bidhaa zake, akanipa ile klé ya kuchomeka kwenye kompyuta uliyomtuma. Alisema ndani mna Vilima vya Juu, michezo yote miwili, na kwamba umeitengeneza upya pamoja na kampuni moja ya huko. Nilifurahi hadi nikaita majirani. Mchezo wa kwanza sina neno. Merikebu za angani zinang'aa, na milima ya ile dunia mpya sasa unaiona hadi ukungu wake wa asubuhi. Michoro ya marehemu ndugu yetu Esdras umeisafisha bila kuiharibu. Nililia kidogo, na ninakushukuru.

Kisha nikafungua wa pili. Yaya, ni nani yule amekaa kwenye kiti cha Kambale?

Kama umesahau, nitakukumbusha. Manahodha wanne wa mchezo wa kwanza tuliwaita kama sisi Wanande tunavyoita watoto wa kiume wanavyofuatana: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Tulipoanza wa pili, Esdras alikuwa ametoka kuzikwa, na Kambale wa nyumbani kwetu alikuwa yeye. Tukamwondoa bila maelezo. Mchezaji alikuta Paluku, halafu kiti kitupu, halafu Kasereka, na kila amri iliyopitia kile kiti ilichelewa zamu moja. Merikebu ziliungua zikingojea amri. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kwa Mzee Maliro niliona vijana wakorofi wakivua kofia mbele ya mashini. Nimesoma vitabu vingi, sijaona hadithi iliyosimuliwa vizuri hivyo kwa kunyamaza tu.

Phinées anasema watu wa kampuni walikuambia kule kuchelewa ni kosa la mashini, na kwamba mchezaji wa mbali hatajua kuna jina lililokosekana. Ukakubali! Amri sasa zinafika mbio, na kwenye kiti mmemweka Nahodha Zaro. Zaro ni mtoto wa ngapi? Mama yake ni nani? Ana meno meupe na mabega kama mlango wa kanisa, na anachekacheka katikati ya vita. Wageni wasingeelewa? Wangeuliza! Sisi tumekuwa tukiuliza mambo yao tangu shule ya msingi, wala hatukufa.

Hata hivyo, hasira hiyo ingeisha. Nakujua, na najua mtu akichoka hukubali mengi. Ila nilicheza hadi mwisho.

Sisi tulimalizia kwa swali. Mama wa manahodha anauliza ni nani aliyemwamuru Kambale aondoke bila kusindikizwa, na hakuna anayemjibu, mchezo unafungwa. Katika huu wako, Paluku anasimama mbele ya mama yake, anapiga magoti, anasema ni yeye aliyemtuma. Paluku ni wewe, Yaya. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nani alikuomba useme hivyo? Nani alikupa ruhusa ya kubeba jambo lile mara ya pili, tena mbele ya dunia nzima?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Miaka mitano nimeficha, na sasa naona heri niseme mwenyewe.

Jumapili ile Esdras alikuwa Oicha na mashini yake ya kuchorea. Alikuwa ametuambia anangoja Jumatatu, magari yasindikizwe na askari. Mimi sikuwa na subira, nilitaka tumalize mchezo. Simu yangu haikuwa na uniti. Yako ilikuwa mezani, wewe ukiwa misa ya pili. Niliichukua nikamwandikia: « Leta machine leo, tunamaliza jeu. Hapana ngoja convoi. » Kisha nikaufuta ujumbe usije ukanigombeza kwa kula uniti zako. Yeye alidhani ni mkubwa wake anamwita, akapanda pikipiki. Waliomuua walimvizia kabla hajafika Beni.

Siku ya kuondoa matanga, baba mdogo alifungua simu ya marehemu akasoma ule ujumbe mbele ya ukoo mzima, na namba ilikuwa yako. Ulisema si wewe. Wakakuzomea. Ukanitazama mara moja, nami nikatazama chini, na tangu hapo hukujitetea tena. Mama akasema hataki kukuona nyumbani, kwenye parcelle yake. Tukatengeneza mchezo wa pili kwa Mzee Maliro, kwa kujificha, wewe ukiandika namba za mashini na mimi maneno. Lile swali la mwisho niliandika mimi, nikijua jibu lake. Hukuniuliza kitu hata siku moja. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko Zaro: ungenipiga kofi, ungenitukana, lakini uliniacha nile, nilale, niheshimiwe.

Jana asubuhi nilimwambia mama yote. Hakulia wala hakunilaani. Alichukua jembe akaenda kupalilia mpaka jua lilipozama. Aliporudi alinawa mikono, akaketi, akaniuliza namba yako ya simu. Sina. Phinées amekataa kunipa bila ruhusa yako, na ana haki.

Kwa hiyo nitumie namba, kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Mtoe Zaro. Amri zichelewe kama zamani. Na kama kampuni inataka lazima swali lile lijibiwe, mwinue Paluku pale alipopiga magoti, uandike jina la aliyetuma.

Wasalimie wifi na watoto. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako, niliyemtuma Esdras,

Kanyere Rébecca