Hezekiah Makokha, Aliyeifufua Piano Inayojipiga Yenyewe

Baba, Novemba hii ya 1956 umetimiza mwaka mzima tangu ututoke, na jamani, mwaka wenyewe umekuwa mrefu.

Wenzako wa karakana ya reli hapa Nakuru bado wanakusimulia. Ile piano kuukuu ya ukumbini, inayojipiga yenyewe kwa karatasi yenye matundu mtu akikanyaga pedali, kamati ilishaamua ipasuliwe iwe kuni. Wewe ukaomba upewe mpaka Krismasi. Watu wakacheka. Ukaifungua, ukatoa kiota cha panya, ukasema, "Haijafa hii. Imeishiwa pumzi tu."

Mifuko yake ya hewa ilikuwa imeoza. Ulitaka kitambaa kisichopitisha hewa, basi ukachukua mkasi na koti la mvua la Mama. Lo! Mama alifoka: "Baba Nyongesa, sasa mimi nivae nini, piano?" Masika yaliyofuata ulimpa koti lako, ukawa unafika kazini umelowa chapachapa, wala hukunung'unika hata siku moja.

Hukuwa mtu wa haraka. Ulikaza waya mmoja kwa ufunguo, ukaweka shavu kwenye mbao, ukasikiliza, ukalegeza, ukaanza upya. Binti yako Naliaka peke yake ndiye uliyemruhusu asogee. Majirani walipouliza msichana ana haja gani na vyuma, ulijibu, "Ana masikio huyu." Krismasi ile ukumbi mzima ulicheza hadi wazee.

Ulipoondoka, piano ikaanza kutoa sauti kombo. Mwenyekiti Kosgei, bila ubaya, akasema Novemba ikiisha bila fundi, itatolewa. Tuliogopa, Baba. Tuliona kama tunakuzika mara ya pili. Naliaka akachukua ufunguo wako. Alihangaika wiki saba, waya mbili zikamkatikia, akalia, akarudi tena.

Jumapili iliyopita Mama alikanyaga pedali. Sauti ilitoka safi, kila noti mahali pake. Kosgei akavua kofia, akauliza, "Ni nani ameitengeneza?"

Naliaka akajibu, "Ni Baba." Hakuna aliyemsahihisha.

Tunaokulilia na kujivunia kuwa wako: mkeo Namalwa, wanao Nyongesa na Naliaka, mkaza mwanao Akoth na wajukuu, na wenzako wote wa karakana. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.