Kitanda Kirefu cha Mgeni Asiyekuja

Mama yangu mpenzi,

Salamu hizi zikukute umekaa, si umeinama jikoni. Mgongo umepoa? Dawa unakunywa au unawagawia majirani? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Bado niko huku Durban, mtaa wa South Beach, juu ghorofani, namhudumia Mzee Lester, yule Mmarekani aliyecheza kwao mpira wa kikapu wa kulipwa.

Eish, mama, lifti imekufa tangu kabla ya Ramadhani. Mimi napanda ngazi na maji na mikate. Yeye magoti yameisha kwa kuruka, hashuki kabisa, bahari anaiona dirishani tu. Mkewe, mtu wa hapahapa Durban, ndiye aliyemleta huku alipostaafu, na ameshafariki. Nikitoka mimi, hana wa kumpikia hata uji.

Nilidhani mchezaji wa Marekani ni mfalme. Kumbe alikuwa akiuzwa timu hadi timu kama mbuzi wa mnadani. Siku moja anatoka mazoezini, anakuta viatu vyake vimeshatiwa kwenye mfuko: ameuzwa mji mwingine, na mkewe nyumbani ndiyo kwanza anatundika mapazia. "Shabani," aliniambia, "walinipigia makofi miaka yote ile, lakini hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda."

Sasa hilo la kitanda. Shangazi kanipigia, eti umemwagiza fundi kitanda kirefu, maana Mmarekani anakuja nami kwenye harusi ya Zainabu. Mama, mimi nilisema angependa kuja. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaingia bafuni nikalia.

Kwa sababu hata mimi siji. Kibali changu kimekwisha. Mpakani wataniacha nitoke, ila kurudi watanifungia mlango kwa miaka, na nyumba nzima hapo inanitegemea mimi. Nikibaki, dada yangu anaolewa bila mimi, na baba alipofariki mliniambia mimi ndiye walii wake wa kumwozesha. Nimeligeuza jambo hili kila upande, naona ukuta. Nimechoka, mama.

Sheikh anataka maandishi. Basi haya hapa: mimi Shabani bin Juma namteua baba mdogo Hamisi kuwa wakili wangu, amwozeshe dada yangu Zainabu kwa niaba yangu. Hiyo saini kubwa pembeni ni ya Mzee Lester. Nilimwambia hahitajiki, akatia tu, kama alivyozoea kutia kwenye mipira. Sheikh asiijali.

Nisalimie shangazi, mwambie asiache kunipigia. Msalimie bibi mzaa baba, na shemeji yangu aliyejifungua. Fundi naye asikifupishe kitanda, wapewe maharusi.

La mwisho ni la baba mdogo, umsomee mwenyewe. Atakapoingia chumbani kumuuliza Zainabu kama ameridhia, asimuulize akiwa ameshika mlango, eti watu wanangoja pilau. Akae chini. Unamjua mwanao, yeye anakubali kila kitu ili watu wasikasirike. Amuulize, kisha anyamaze, amsubiri. Na akisema hapana, harusi ivunjike, lawama zote mnitupie mimi huku nilipo.

Mwanao akupendaye,
Shabani