Ninkwenda

Ijumaa, Nyakahanga, Karagwe. Nimeyanakili haya kutoka daftari langu la mwanzoni mwa miaka ya tisini, bila kubadili kitu.

Mvua tangu asubuhi. Kahawa ya mama iko ndani, imetandazwa hadi chini ya kitanda changu, na nyumba nzima inanuka maganda mabichi. Sina hamu ya kula. Mama anasema ni malaria imerudi. Si malaria.

Kaka Salum ameondoka leo.

Niliseme sasa hivi kabla sijaanza kuzungukazunguka: nampenda. Miezi mitatu nimetembea naye kwa miguu, Kanoni, Rugu, hadi vitongoji ambavyo mimi mzaliwa wa huku sikuwahi kufika. Yeye mtafiti wa chuo kikuu, mimi mkalimani wake. Anauliza vijana kwa Kiswahili chake cha Tanga, mimi nageuza kwa Kinyambo. Nani kati ya mume na mke anaamua idadi ya watoto. Mnazungumzaje habari za kinga, siku hizi za ugonjwa huu. Mambo ambayo mama yangu akiyasikia hufunika uso kwa khanga, kisha anatega sikio.

Swali gumu lilikuwa la kumi na tisa: kwa msichana, je, umewahi kumwambia mwanamume, wewe wa kwanza, kwamba unampenda? Wengi walicheka, wakachezea majani. Siku ya kwanza kabisa Salum alinifanyia mimi majaribio ya dodoso lote. Nilipofika hapo nikajibu hapana, haraka, na yeye akaweka alama yake bila kuinua macho. Siku ile lilikuwa jibu la kweli.

Ananiita dada Koku. Nami namwita kaka. Heshima nzuri, lakini jamani, imenichosha.

Leo asubuhi nilimsindikiza kituoni. Gari la Bukoba lilikuwa limeshawaka, utingo anafunga turubai juu ya mizigo. Akanipa mkono, akasema, "Haya, dada Koku, nakwenda."

Moyo wangu ukashtuka kabla ya akili. Kwake ni neno la kuaga tu. Kwetu, mtu akikutazama machoni akakuambia ninkwenda, amekwambia anakupenda. Nalijua tangu mtoto, na Kiswahili nimekisoma hadi kidato cha nne, sikupaswa kuchanganya. Lakini nilikuwa nimesimama pale na maneno yangu ya miezi mitatu, na mlango ukafunguka wenyewe.

Nikamjibu, "Ninkwenda."

Akatabasamu. "Wahi basi, usinyeshewe."

Akapanda.

Nilibaki nimesimama mpaka mama muuza ndizi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia shikamoo, nikaondoka. Njiani nililia kidogo, na mvua ikanisitiri.

Mchana nikaona bora nifanye kazi. Ameniachia redio kaseti na kanda za Rugu pamoja na fomu zake, zile za wiki niliyolala na homa akaenda peke yake. Kazi yangu ni kuziandika neno kwa neno na kumtumia kwa posta. Betri zilikuwa hoi. Nikaziweka karibu na jiko zipate joto, nikaanza kusikiliza.

Kwenye kanda ya pili kuna binti mmoja wa Rugu, sauti nzito, anachanganya Kiswahili na Kinyambo kama sisi sote. Swali la kumi na tisa. Anasema, "Mimi nilimwambia, ninkwenda. Yeye akanyamaza."

Na Salum, kwa upole wake wote, anamwuliza, "Ukaenda wapi?"

Kuku wanasikika.

"Nyumbani," anasema yule binti.

Nilicheka mpaka mama akachungulia. Kisha sikucheka tena. Nikachukua fomu ya binti huyo, na kweli, penye swali la kumi na tisa pamewekwa alama ya hapana. Pembeni kaandika: aliondoka bila kusema. Nikarudi kwenye kanda zote za Rugu. Pamoja naye wapo watatu. Wasichana watatu wamekaza roho wakasema mbele ya mgeni neno ambalo huku msichana halisemi kwanza, na chuoni itasomwa kwamba hawakusema. Eti wasichana wa Karagwe ni watu wa kuondoka.

Ningekuwepo, lisingetokea. Kwa hiyo ni juu yangu kulirekebisha. Pamoja na kanda natakiwa kupeleka orodha ya maneno ya Kinyambo na maana zake. Nikiandika hilo neno, atajua binti wa Rugu alisema nini. Atajua na mimi nilisema nini. Si mjinga.

Nikiliacha, nitabaki dada Koku, ataniandikia barua za salamu, pengine atarudi mwakani akiwa na mke tukamkaribisha. Nimefikiria hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilifikia hata kuifunga bahasha bila orodha.

Halafu nikaifungua. Yule binti hajanikosea chochote.

Orodha ina safu tatu: neno, maana, na mfano wa namna linavyotumika. Nimeandika ninkwenda. Nimeandika nakupenda. Mfano wa kwanza nimetoa kwenye kanda, Rugu, msichana wa miaka kumi na tisa. Nafasi ilibaki ya mfano wa pili. Nimekaa na kalamu mpaka chai ikapoa.

Nyakahanga, kituo cha magari, Ijumaa asubuhi. Mwanamke, miaka ishirini na tatu. Alisema yeye wa kwanza.

Jina sikuandika. Kanuni za utafiti haziruhusu.