Ndala za Maryamu

Sindeni,
Handeni.
17 Februari 2025.

Mpendwa kaka Muhsin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Sumbawanga ukiwa mzima, pamoja na wifi Munira na mwanangu Sadala. Kile kifua chako cha baridi kimepona? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula, anaswali, anagombana na mbuzi wa jirani kama kawaida yake. Vuli haikutosha, na mahindi yako ya Kwaluguru yamekauka, nisikufiche.

Unajua mimi na barua ni mbalimbali. Ningekupigia simu, lakini hapa uani nikiongea mama anasikia mpaka pumzi, na haya nataka uyasome ukiwa umekaa, peke yako.

Nilikuambia nakwenda Dubai. Agripina, yule fundi cherehani mwenzangu wa Korogwe, na rafiki yake Janeth anayeuza nguo sokoni, walikuwa wanafuata vitambaa, nami nikajipachika. Tuliondoka Jumatatu ya tarehe tatu, tukarudi Jumapili. Sababu yangu nyingine sikukuambia, maana ungenikataza: ndio mji aliopotelea mdogo wetu Maryamu. Miaka sita, kaka, tangu aende kufanya kazi za ndani, na minne tangu simu yake inyamaze.

Na lipo jingine ambalo sikumwambia mtu. Unaikumbuka desturi ya bibi: mtu wa nyumba hii akisafiri, ndala zake huwekwa nyuma ya mlango zikielekea ndani, ili miguu yake ijue inarudi wapi. Akifariki, hugeuzwa zikaelekea nje, aende kwa amani. Za Maryamu zimeelekea ndani miaka yote sita, na kila asubuhi mama anazifuta vumbi. Kila mwaka baba mkubwa Sharifu anakuja kusema tumsomee hitma mtoto apumzike, mama anakataa, wananuniana mwezi mzima, nami niko katikati. Nilichoka. Alfajiri ya kuondoka, mama akiwa kwenye mswala, nilizigeuza zikaelekea nje kwa mkono wangu huu. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba amekufa. Nilikuwa nimechoka tu kuziona.

Dubai ni nzuri, nisiwe mnafiki. Milango inajifungua kabla hujaigusa. Ndani ya lifti kuna sauti ya mwanamke inakutajia ghorofa, na yetu ilikuwa ya thelathini na moja. Kitandani Janeth alizama, ikabidi tumvute. Nilipitisha kidole kila mahali nikitafuta vumbi, sikupata. Na wanaofagia huwaoni, unakuta tu pamefagiliwa. Hilo ndilo lililoanza kunikosesha raha.

Jumanne tulirudi kutoka madukani nikakuta ndala nyeupe za hoteli, ambazo nilizivulia kando ya kitanda, ziko mlangoni zimeelekea nje. Visigino vimegusana, vidole vimeachana. Wewe mwenyewe unajua ni nani anapanga hivyo. Bibi alimgombeza Maryamu utoto wake wote kwa kupanga viatu kama miguu ya bata.

Nikamwonyesha Agripina, akacheka. "Mwaija, hapa hata shuka unatandikiwa, viatu ndio vikushangaze?"

Nikacheka naye. Jumatano nikatundika mlangoni kile kibao cha kuzuia watu wasiingie, na ndala nikazisukuma chini ya kitanda. Tuliporudi saa kumi, shuka zilikuwa zimevurugika vilevile, taulo ziko chini tulipozitupa, vikombe havijaoshwa. Ndala ziko mlangoni, miguu ya bata, zinatazama nje. Safari hii Agripina hakucheka. Janeth alitoa rozari yake mkobani akaivaa.

Alhamisi tulikwenda kwenye lile jengo kubwa la maduka. Kwa saa za huko ilikuwa saa nane mchana, huku kwetu saa saba. Mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye sare ya wafagiaji, amenipa mgongo, anatembea huku akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Kaka, ule mguu naujua. Jembe lililoukata nilikuwa nimelishika mimi.

Nikaita, "Maryamu wee!"

Watu wote wakageuka. Yeye hakugeuka, alisimama tu. Ndipo nikaona hana viatu. Na nyuma yake, kwenye sakafu inayong'aa kama sahani, palikuwa na nyayo za vumbi jekundu, la hapa kwetu Sindeni. Nikakimbia. Akaingia kwenye lifti, mlango ukajifunga, na nilipotazama chini sakafu ilikuwa safi. Janeth alikuwa ubavuni mwangu, anasema aliniona mimi tu nikikimbia. Nililia pale mbele za watu, wala sikuona haya.

Jumapili nilipofika nyumbani sikuulizia hata maji. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Zimeelekea nje, kama nilivyoziacha. Nikampigia mama magoti nikamwambia yote, kwamba nilizigeuza mimi, kwamba Maryamu yu hai, nimemwona, tuzirudishe upesi. Nilidhani atanipiga.

"Najua ni wewe, mwanangu," alisema. "Ulizinyoosha, kama unavyonyoosha kila kitu. Nilizirudisha ndani Jumatatu ileile."

"Mbona zimeelekea nje, mama?"

"Alhamisi, nimetoka kuswali adhuhuri, nimekaa hapa nachambua maharage. Mlango umefungwa. Nainua macho, zimegeuka. Kazitazame vizuri."

Nikazitazama. Visigino vimegusana, vidole vimeachana.

Kaka, mama amekubali. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita baba mkubwa, na hitma itasomwa Ijumaa tarehe ishirini na nane, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Hajalia. Ninayelia ni mimi, maana sijui kama nilimfungulia njia au nilimfukuza.

Wasalimie sana wifi na Sadala. Agripina anakusalimu, na baba mkubwa anakuombea dua. Mungu akulinde barabarani, maana lazima uje. Usiniambie habari za kazi. Ndala zako ziko palepale kando ya za Maryamu, zimeelekea ndani. Nazitazama kila asubuhi kabla hata ya kumwamkia mama, na leo nimekuta vumbi limefutwa na mama anasema si yeye. Njoo uzivae mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Mwaija