Jumamosi Uliyoifuta

Mwanangu Ekiru,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi. Uliniomba kwa simu kwamba jambo hili "tuliongee polepole, kifamilia." Nimekataa. Naliandika wazi ili walisome na wengine wenye wazazi huku Turkana na simu nzuri huko Nairobi, kwa sababu najua si wewe peke yako unayesafiri hivi.

Nianze mbali. Nataka kujua kama bado unakumbuka.

Unazikumbuka likizo za Agosti? Mimi nilikuwa nikifundisha Kakuma, baba yako alikuwa na mifugo Namoruputh, nawe ulikuwa na miaka sita, meno ya mbele yameng'oka. Safari ya kwenda kwake niliipanga wiki tatu kabla. Nilimwandikia barua fupi, nikampa dereva wa lori la Haji, yule mfanyabiashara Msomali aliyekuwa akipeleka sukari na unga upande wa mpakani. Dereva alimpa mwenye duka wa Namoruputh, na mwenye duka akamsomea baba yako, maana baba yako hakusoma wala hakuwahi kujifanya amesoma. Barua ilikuwa na jambo moja tu: siku. Ikishatoka mkononi mwangu, siku hiyo haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya mtu anayengoja.

Mwaka mmoja uliamka na homa asubuhi ya safari. Ulilia ukasema twende kesho. Nilikuuliza, "Na baba yako ataambiwa na nani?" Ulifikiri kidogo, ukavaa viatu. Mtoto wa miaka saba alilielewa hilo. Najiuliza alikwenda wapi mtoto yule.

Na ile safari ya springi? Lori lilivunjika springi mbele ya Lorugum, mahali pasipo na nyumba wala mti wa maana. Tulikaa kwenye kivuli cha lori, nacho kikawa kinapungua. Maji yalikwisha kabla ya adhuhuri. Ulianza kunyonya ukosi wa shati lako, nami nikakukataza kwa ukali kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Jua lilipoanza kuinama ukapiga kelele, "Mama, mtu!" Alikuwa baba yako, anakuja katikati ya barabara, jerikeni la maji begani na ekicholong, kile kigoda chake cha kukalia, kikining'inia kidoleni. Hakukimbia. Alikuinamishia jerikeni akakwambia, "Kunywa polepole." Uliposhiba ulimuuliza, "Ulijuaje tuko hapa?"

Alikujibu kwa maneno mawili: "Mlisema leo."

Hivyo ndivyo watu wa huku walivyo, Ekiru, nawe ni mtu wa huku hata ukiishi ghorofa ya tisa. Msafiri asipofika siku aliyoisema, hakuna anayedhani amebadili mawazo. Watu hudhani gari limekufa, au mto umefunga njia, au wamekutana na wenye bunduki. Basi mtu huchukua maji na kwenda kumtafuta. Wewe umeyanywa maji hayo.

Sasa nije kwenye likizo ya Aprili mwaka huu.

Mwezi wa Machi ulinitumia linki. Uliandika, "Mum, hii ndiyo daftari ya safari, kila mtu anaweza kuona na kuandika." Nilivaa miwani nikaifungua. Sitadanganya kwamba ilinichukiza. Ilinipendeza. Kulikuwa na orodha ya vitu vya watoto: kofia, krimu ya jua, nepi za Akai, dawa ya kuhara, tableti yenye katuni za Ewoi. Kila kitu kilikuwa na kisanduku cha kutia alama. Chini yake kulikuwa na siku zenu nne: Ijumaa, kufika Lodwar. Jumamosi, Namoruputh kwa Babu. Jumapili, Longech, ziwani. Jumatatu, Kakuma, shule aliyosoma Baba. Nilijisemea, huyu ni mwanangu kweli, amepanga kama mimi.

Nilipanda bodaboda hapa Kanamkemer nikaenda mjini yanapopakia magari ya Lorugum, nikatuma neno kwa baba yako: Jumamosi, na watoto wote wawili. Kisha nikaifunga simu. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili silikwepi. Nilisoma daftari lako kama ninavyosoma barua: mara moja, kwa makini, nikaamini. Mimi ndiye niliyempa baba yako siku ile.

Alikuwa hajamwona Akai hata kwa picha, maana macho yake hayazioni vizuri picha za kwenye simu. Alimwona Ewoi mara moja tu, akiwa wa kubebwa. Shemeji zangu wamenieleza alivyojiandaa. Aliokota miiba njiani kuanzia barabarani hadi nyumbani, mmoja mmoja, kwa sababu alisikia watoto wa mjini wana nyayo laini. Alimfunga karibu na boma mbuzi mmoja mpole mwenye maziwa, ili Ewoi ajaribu kukama. Jumamosi alfajiri alikwenda kukaa pale njia inapochepuka, kwa kuwa magari ya wageni hupapita bila kupaona.

Nami nilikuwa Kanamkemer, begi limefungwa, nikikungoja unipitie saa mbili kama ulivyoandika. Saa nne nilipiga simu. Haikupatikana. Saa sita nilipiga tena. Nikadhani mmekwenda moja kwa moja mkaniacha, nikakasirika kidogo, nikapika ugali wangu nikala. Kumbe ninyi mlikuwa Longech, ambako mtandao ulikuwa umepotea, mkiwapiga watoto picha ndani ya maji.

Mchana baba yako aliinuka. Ndugu zake wakamwambia, "Mzee, kaa, watakuja." Akawaambia, "Wana watoto wadogo ndani ya gari." Alijaza jerikeni la lita kumi, akachukua kibuyu chake kidogo cha kunywea yeye, akashika barabara kuelekea Lorugum. Ana miaka sabini na kitu. Alitembea mpaka giza, akajilaza kando ya barabara, akaendelea Jumapili asubuhi.

Simu iliyonifikia Jumapili ilitoka kwa mwendesha bodaboda wa Lorugum, baba wa watoto watano niliyewahi kumfundisha. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mwalimu, mzee yako iko hapa kwa lagga, kwa mchanga ya mto kavu. Ameanguka."

"Mpe maji!"

"Maji iko, Mwalimu. Jerikeni imejaa mpaka juu. Nikimpatia anakataa. Anasema hii ni ya watoto."

Kibuyu chake kilikuwa kimekauka tangu Jumamosi. Lile jerikeni hakulifungua.

Ndipo nikakupigia, na safari hii ukapokea. Nisikilize nikukumbushe, kwa sababu nimesikia unawasimulia watu mazungumzo mengine.

"Mum! Ejok! Tuko hotelini, watoto wamefurahi ziwani usiambiwe!"

"Jumamosi mlikuwa mwende Namoruputh."

"Aa, niliibadilisha Ijumaa usiku. Walisema upepo utakuwa poa Jumamosi. Si iko kwa daftari? Hukuona?"

"Baba yako hayumo kwenye daftari."

"Sasa Mum, si ungemwambia?"

Nyuma yako nilisikia maji yakirushwa na Ewoi akicheka. Mlikuwa kwenye bwawa la kuogelea.

Baadaye nililifungua daftari lako. Linaandika jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha, jambo ambalo nalisifu. Ijumaa, saa tatu kasoro dakika kumi usiku, Ekiru. Uliihamishia Longech Jumamosi. Kuhusu baba yako uliandika maneno mawili: "Tukipata muda." Ulikuwa Lodwar, mwendo wa bodaboda moja kutoka mlangoni kwangu, na simu mkononi. Kidole kilichofuta kingeweza kupiga.

Usimsingizie mke wako. Mama Ewoi amenipigia mwenyewe. "Mama, nilimwambia apige simu. Akasema kila mtu ataona." Yeye si damu yetu, hakuzaliwa huku, na alijua.

Jioni ile ya Jumapili, baba yako alipokwisha kufikishwa hospitali ya Lodwar, ulikuja wodini. Watoto walibaki nje na mama yao kwa kuwa wadogo hawaruhusiwi kuingia. Ulisimama miguuni pa kitanda, ukasema pole, ukauliza kama kuna kitu cha kununua. Daktari alikueleza kwamba figo zimeumia kwa kukosa maji. Jumatatu mkaenda Kakuma kuona shule. Sehemu hiyo ya daftari uliitii. Natumaini uliwaonyesha darasa nililokufundishia. Natumaini hawakukuuliza mlijifunza nini humo.

Utataka kujua baba yako alisema nini alipopata nguvu za kusema. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akikulaani. Aliniuliza, "Kwa hiyo gari halikuharibika?"

"Halikuharibika."

"Na watoto walikunywa maji?"

"Walikunywa."

"Basi vizuri," akasema, akageukia ukutani akalala.

Hana hasira hata kidogo. Hasira yote imebaki kwangu, na nina nguvu ya kuibeba.

Alikaa wodini siku kumi na moja. Sasa yuko nami Kanamkemer, mtu ambaye hakuwahi kulala chini ya mabati siku tatu mfululizo. Mifugo imekwenda kwa ndugu yake. Daktari amesema asitembee juani tena, si mwaka huu wala mwingine. Safari ya pili ya namna ile itamuua. Anatembea hadi langoni na kurudi. Hapo langoni husimama. Gari likipunguza mwendo, huinua uso. Kila asubuhi huniuliza, "Leo siku gani?" Nikimtajia, hutikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu.

Wiki iliyopita ulinitumia linki nyingine. Safari ya Desemba. Nimeona kofia, nimeona krimu ya jua. Nimeona pia hii, naiandika neno kwa neno: "Jumapili, saa nne hadi saa tano, kumwomba Babu msamaha. Watoto wabebe vitafunio. Saa tano na nusu, kuogelea." Kando yake umeweka kisanduku cha kutia alama ukimaliza.

Umempangia baba yako saa moja, Ekiru, kati ya kifungua kinywa na bwawa, ukamwekea kisanduku kama cha nepi.

Nimejifunza, basi sikusoma mara moja tu. Nilifungua tena kesho yake. Msamaha ulikuwa umehamia Jumatano. Keshokutwa yake nikafungua, nao ulikuwa umerudi Jumapili, lakini saa za jioni. Sikungoja kuona utakapotua. Nimejitoa kwenye daftari. Usinirudishe.

Juzi baba yako aliniuliza, "Ekiru hajasema lini?"

Nimeolewa na mwanamume huyu miaka arobaini bila kumdanganya. Nilimtazama miguu yake, jinsi ilivyokonda, nikamwambia, "Haji tena. Kazi imembana. Mwaka huu haji, na mwakani sijui."

Akasema, "Kumbe." Tangu siku hiyo haendi langoni. Anakaa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, na magari yakipita hainui uso. Haniulizi tena leo ni siku gani.

Watoto walete. Hawana kosa, na Akai lazima amwone babu yake angali anaona. Njoo siku yoyote utakayo, saa yoyote, uibadilishe mara ishirini ukipenda. Usiniambie, nami sitamwambia. Ukifika zunguka nyuma, utamkuta, naye atafurahi mpaka utaona aibu, kama aibu bado unayo. Atawashika watoto vichwani, atawabariki. Nawe atakupa mkono.

Lakini hatakuwa anakungoja. Hilo nimelizima mwenyewe, kwa uongo, ili abaki hai. Dunia nzima ulikuwa na mtu mmoja wa kuchukua maji na kukutafuta njiani ukichelewa. Sasa huna.

Wasalimie Ewoi na Akai, na mama yao.

Ni mimi,
mama yako.