Kikombe Kilichobaki Udongoni

Dada yangu,

Natamani kukwambia hatujambo. Mtoto ameota jino, mvua zimekolea, na msituni umechipuka uyoga mweupe, laini mno. Jana niliukata kwa kisu juu ya udongo, kama alivyotufundisha mama, ili uote tena. Shemeji yako aliula peke yake, akafuta na sufuria.

Leo nimerudi msituni, nikang'oa mmoja mzima. Dada, chini, ndani ya udongo, shina lake limekaa kwenye kikombe! Kile kile alichosema mama ni alama ya sumu.

Tuko zahanati. Shemeji yako ananitania: "Mbona sina hata kichefuchefu?"

Nesi hakucheka. Anasema sumu hiyo hukaa kimya kwanza.

Naandika hapa benchini, kando yake. Ngoja, kicheko chake kimekatika. Ameshika tumbo.

Mdogo wako